Karatasi za Kuombea Nafasi Katika Chuo Kikuu

Kila mwaka matokeo ya Mtihani wa Serikali yatokapo, mji wetu wa Likasi hugeuka mweupe. Vijana waliofaulu humwagiwa unga na poda kichwani, wakazunguka Kikula, Panda na Shituru wakiimba, na mama zao nyuma yao wakipiga vigelegele. Ni furaha ya haki, nasi hatuna neno nayo. Lakini baada ya majuma machache twawaona vijana walewale wakija barazani kwetu na bahasha mkononi, na uso wao si ule wa siku ya unga. Wamekwenda kuomba nafasi katika chuo kikuu, wakaambiwa: karatasi hii haitoshi, ile ina kosa, nyingine haina muhuri.

Mwaka mmoja alikuja binti wa parokia yetu, mtoto wa mchoma makaa. Alikuwa amefaulu vizuri. Katika diploma, jina la babu yake, ambalo ndilo jina lake yeye, limeanza kwa herufi « Tshi ». Katika karatasi ya kuzaliwa, jina lilelile limeanza kwa « Chi ». Ofisini wakamwambia: hatujui kama wewe ni mtu mmoja au watu wawili. Zilibaki siku tisa tu kabla ya kufungwa kwa maombi. Baba yake, mtu mwema aliyechoka, akasema: « Labda ni Mungu anatuonyesha. Mpeni mdogo wake fedha hizo, yeye ni mwanamume. »

Habari ya binti huyo tutaimaliza mbele. Kwanza twataka kufungua bahasha yake na kutazama karatasi moja moja. Vijana wetu hudhani ya kuwa karatasi hizi ni usumbufu wa makarani tu. Sivyo. Kila moja imetoka katika jambo fulani lililoipata nchi hii, na baadhi yake zililipiwa kwa machozi. Anayejua zilikotoka hatazichezea, wala hatazikatia tamaa upesi.

Zamani hapakuwa na mlango wa kubisha

Wazee wanakumbuka ya kuwa mji huu uliitwa Jadotville, kwa jina la Jean Jadot, injinia Mbelgiji. Jina la Likasi lilirudishwa rasmi mwaka 1966. Mji ulikua kwa ajili ya shaba, ile tuitayo mukuba. Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906, na reli ikafika Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, mwaka 1910. Watu wakaja kufanya kazi kutoka Kasai, kutoka Rhodesia ya Kaskazini, kutoka Rwanda na Burundi. Kila mtu na lugha yake, hata Kiswahili kikawaunganisha wote.

Serikali ya Wabelgiji ilitaka watu wa nchi wajue kusoma, kuandika, kuhesabu na kufanya kazi ya mikono. Shule za chini zilikuwa nyingi, na nyingi katika hizo zilikuwa za misheni. Mtoto mwenye akili aliweza kuwa fundi, karani, mwalimu, mwuguzi, na wachache wakawa waganga wasaidizi. Zaidi ya hapo palikuwa na ukuta. Aliyetaka kupanda juu zaidi alibaki na njia moja tu: seminari. Humo alijifunza Kilatini, falsafa na teolojia kwa miaka mingi. Ndiyo njia aliyoipita Padre Stefano Kaoze, aliyesomeshwa na Mapadre Weupe kando ya ziwa Tanganyika, akapewa upadre huko Baudouinville mwaka 1917, wa kwanza katika Kongo ya Wabelgiji. Kwa muda mrefu, mwana wa nchi aliyesoma masomo ya juu alikuwa padre, au mtu aliyekuwa karibu na upadre kisha akarudi nyumbani. Wasichana hawakuwa hata na njia hiyo moja. Wao walifundishwa kushona, kupika na kutunza mtoto.

Tuseme kweli, sisi Wakatoliki hatuna haki ya kujisifu mno. Misheni zilifungua shule nyingi, lakini nazo zilikubali kwa miaka mingi ya kuwa shule ya chini inamtosha mtu mweusi.

Tazameni jambo moja lililotokea hapa karibu nasi. Pale Shinkolobwe, si mbali na Likasi, wachimbaji wa nchi hii walitoa ardhini jiwe la uranium, nalo likapelekwa Marekani. Kutokana na jiwe hilo ulipatikana moto wa bomu lililoangushwa Hiroshima mwaka 1945. Ulimwengu mzima ulitetemeka kwa jiwe lililotoka mkononi mwa babu zetu. Lakini mwaka ule, katika Kongo nzima, nchi ambayo Ubelgiji yaweza kuingia ndani yake zaidi ya mara 70, hapakuwa na chuo kikuu hata kimoja ambamo mwana wa mchimbaji angeweza kuuliza: jiwe hili lina nini ndani yake?

Hapo basi hapakuwa na bahasha, wala barua ya kuomba. Mtu hawezi kubisha mahali pasipo na mlango.

Milango miwili ya kwanza

Mlango wa kwanza ulifunguliwa mwaka 1954, karibu na Léopoldville, ambayo leo ni Kinshasa. Ni chuo kikuu cha Lovanium, kilichoanzishwa kwa msaada wa chuo kikuu cha Kikatoliki cha Louvain. Mkuu wake wa kwanza alikuwa Monsinyori Luc Gillon, padre aliyekuwa pia mtaalamu wa fizikia. Wanafunzi wa mwaka wa kwanza walikuwa makumi machache tu. Wasomaji walishike neno hili, maana tutalirudia: chuo kilichokuja kusifiwa Afrika nzima kilianza kidogo sana. Miaka mitano baadaye, mwaka 1959, chuo hichohicho kilikuwa na mtambo wa nyuklia, wa kwanza katika Afrika. Swali la jiwe la Shinkolobwe likaanza kuulizwa katika nchi ya jiwe lenyewe.

Mlango wa pili ulifunguliwa huku kwetu Katanga, nao ulizaliwa katika ugomvi. Mwaka 1954 huko Ubelgiji alipata kuwa waziri wa makoloni Bwana Auguste Buisseret, ambaye alitaka Serikali iwe na shule zake yenyewe, zisizo chini ya misheni. Ugomvi wa shule ukawa mkubwa. Katika siasa hiyo kikatokea chuo kikuu cha Serikali huko Elisabethville, kwa amri ya mwaka 1955, na masomo yakaanza mwaka 1956. Hapo mwanzo wanafunzi wake wengi walikuwa watoto wa wazungu. Walakini chuo hicho ndicho babu wa vyuo vikuu vyote vya Serikali katika Katanga, na hicho cha Likasi ndani yake. Wakubwa waligombana kati ya chuo cha Kanisa na chuo cha Serikali. Wazazi wa Jadotville waliona jambo moja tu, kwamba sasa kuna mahali pa kupeleka barua.

Lakini saa ilikuwa imekwisha kwenda. Bwana Thomas Kanza, mlei wa kwanza wa Kongo kupelekwa chuo kikuu cha Louvain, alianza huko mwaka 1952 tu. Tarehe 30 Juni 1960 nchi ikapata uhuru, na wana wa nchi waliokwisha kumaliza chuo kikuu hawakuzidi 30 hivi. Taabu nyingi zilizofuata hatuwezi kuzielewa tusipoikumbuka hesabu hiyo. Nchi ilitafuta waganga, mahakimu na mainjinia, ikakuta makarani wema na mapadre wema, basi.

Kwa upande wa akina mama, wa kwanza kupata shahada ya chuo kikuu alikuwa Sophie Kanza, dada yake Thomas, pale Lovanium mwaka 1964. Miaka miwili baadaye alikuwa waziri. Baba wa yule binti wa bahasha alipotuambia habari za mwanamume na mwanamke, tulimtajia jina hilo, akanyamaza kidogo.

Tena tusisahau mtoto wa mji wetu wenyewe. Valentin-Yves Mudimbe alizaliwa hapa Jadotville mwaka 1941. Alilelewa katika shule na monasteri ya Wabenediktini, akaacha utawa, akasoma Lovanium, akapata udaktari wa chuo huko Louvain mwaka 1970, akafundisha Lubumbashi, kisha Marekani. Alifariki mwaka 2025, na vitabu vyake juu ya namna wageni walivyoieleza Afrika vinasomwa katika vyuo vikuu vya ulimwengu mzima. Safari yake ni ya kizazi kile: kwanza seminari na utawa, halafu chuo kikuu. Vijana wa leo hawalazimiki kuzunguka hivyo, na hilo si jambo dogo.

Karatasi ya kwanza: diploma ya Serikali

Sasa tufungue bahasha. Ya kwanza ni diploma. Zamani, shule za sekondari ziliwatahini wanafunzi wake zenyewe. Baada ya uhuru shule zikaongezeka upesi, nyingine nzuri, nyingine za jina tu, na vyuo vikuu havikujua tena nani amesoma kweli. Kwa hiyo mwaka 1967 Serikali ikaweka mtihani mmoja kwa nchi nzima. Toka Matadi hadi Likasi, mtoto wa waziri na mtoto wa mchoma makaa wanajibu maswali yaleyale siku ileile. Kuna insha, kuna mtihani wa kusema Kifaransa, kuna siku nne za maswali ya kuchagua jibu. Anayepata 50 kwa mia amefaulu.

Hatusemi ya kuwa mtihani huo haukuharibiwa. Kila mtu amesikia habari za maswali yanayouzwa na simu zinazofichwa katika soksi. Lakini fikirini maana yake: mtu anayenunua majibu anakiharibu kitu ambacho kiliwekwa ili mtoto wa maskini apimwe kwa mizani moja na mtoto wa tajiri. Amemwibia jirani yake, wala si Serikali peke yake.

Tena ile hesabu iliyoandikwa katika diploma haiishii siku ya unga. Katika masomo kama udaktari na uinjinia, chuo huweza kumtahini tena aliyepata alama za chini, au kumpa mwaka wa kujitayarisha. Kijana ajue hilo mapema, asije akalia mlangoni.

Karatasi ya pili: majina matatu

Fomu ya chuo, kama fomu zote za nchi yetu, inauliza jina, jina la pili, na jina la mbele. Wageni hushangaa: kwa nini matatu? Jibu ni historia.

Zamani mtu aliandikwa Petro fulani, au Maria fulani, na jina la ukoo au la babu. Mapadre na makarani Wabelgiji waliandika majina yetu kama sikio lao lilivyosikia. Mmoja aliandika Tshi, mwingine Chi, mwingine Ki. Mmoja aliweka y, mwingine i. Halafu, mwaka 1972, Rais Mobutu akakataza majina ya kizungu. Yeye mwenyewe aliacha kuitwa Joseph-Désiré. Kila mtu akaamriwa achukue majina ya kikwetu, na mapadre wakatishiwa kifungo wakimpa mtoto jina la kigeni katika ubatizo. Kardinali Malula wa Kinshasa alipinga, ikambidi kukaa Roma kwa miezi kadhaa. Ndipo watu wakaongeza jina la pili la asili badala ya lile la ubatizo. Mwaka 1990, utawala ulipolegea, majina ya Kikristo yakarudi hadharani, lakini lile la pili halikuondoka. Hivyo tukabaki na matatu.

Tazameni sasa hatari yake. Majina matatu, yaliyoandikwa na makarani watatu, kwa nyakati tatu, ni mlango wa makosa. Mwalimu wa shule ya msingi amekosea herufi moja siku ya kwanza, kosa likapanda naye darasa kwa darasa, likapigwa chapa katika diploma. Hakuna aliyeliona, kwa sababu hakuna aliyelitafuta, hata siku ya bahasha.

Wengine hawana hata karatasi ya kukosewa. Mwaka 1992 na 1993 mji wetu uliona aibu kubwa. Watu wenye asili ya Kasai, ambao wengi wao walizaliwa hapahapa, walifukuzwa katika nyumba zao. Walilala majuma na miezi kituoni pa reli na katika shule, wakingoja treni, na wengi walikufa kituoni na njiani. Walimu na wanafunzi walikuwa miongoni mwao. Mtu anayekimbia usiku huchukua mtoto na sufuria, hakumbuki karatasi. Tangu siku hizo tumejua ya kuwa cheti cha kuzaliwa na cheti cha uraia si karatasi za kawaida. Mbele ya Serikali, ndizo zinazosema: mtu huyu ni wa hapa.

Karatasi ya tatu: cheti cha mwenendo mwema

Hii hutolewa na ofisi ya komini, nayo yasema kwamba mwombaji ni mtu wa tabia njema. Vijana huicheka, kwa sababu karani anayeitia sahihi hawajui. Lakini nchi yetu imekuwa na hofu ya siku nyingi kati ya wakubwa na wanafunzi.

Tarehe 4 Juni 1969 wanafunzi wa Kinshasa waliandamana wakitaka fedha za masomo ziongezwe na sauti yao isikiwe. Askari wakawapiga risasi, wengi wakafa. Mwaka 1971 wenzao walipotaka kuwakumbuka marehemu, chuo kikafungwa na wanafunzi wa Lovanium wakatiwa jeshini. Mwezi wa Agosti mwaka uleule Serikali ikavichukua vyuo vikuu vyote vitatu, yaani Lovanium, Lubumbashi, na kile cha Waprotestanti cha Kisangani kilichoanza mwaka 1963, ikavifanya kimoja: chuo kikuu cha taifa cha Zaire. Mkuu wake alikuwa Askofu Tharcisse Tshibangu, hata mwaka 1981 vilipotenganishwa tena. Masomo yaligawanywa kwa miji: lugha na fasihi zikaja Lubumbashi, udaktari na sheria zikabaki Kinshasa. Kijana wa Likasi aliyetaka kuwa mganga ilimpasa kwenda zaidi ya kilomita 1,500 kutoka kwao.

Tena usiku wa tarehe 11 Mei 1990 wanafunzi waliuawa katika chuo kikuu cha Lubumbashi. Ubelgiji ikakata msaada, na dunia ikauliza maswali. Wapo wazazi Katanga ambao tangu usiku ule waliogopa neno « kampasi ».

Kwa hiyo tunapomwambia kijana akachukue cheti chake cha mwenendo mwema, twamwambia pia: wewe unaingia mahali ambapo wakubwa zako walikufa kwa kuomba kusikilizwa. Usiende huko kucheza.

Karatasi ya nne: risiti ya fedha

Hapa ndipo bahasha nyingi hurudi nyumbani. Wazee wa mji huu walizoea kampuni kuwa baba na mama. Union Minière ilitaifishwa, na tangu mwaka 1967 kazi yake ikashikwa na kampuni ya Serikali ambayo baadaye iliitwa Gécamines. Kampuni iliwapa watu nyumba, hospitali, unga, na shule za watoto. Mwaka 1986 ilitoa zaidi ya tani 470,000 za shaba. Kisha mgodi wa Kamoto ukaporomoka mwaka 1990, fedha zikaliwa, mitambo ikachoka, nchi ikavurugika. Mwaka 1994 zilitoka tani 30,000 hivi tu. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondolewa kazini kwa mkono wa kwaheri. Baba aliyekuwa na namba ya kazi akawa mtu wa kulima mahindi au kuchoma makaa.

Kwa hiyo ada ambayo zamani haikuwa shida ya mzazi imekuwa mzigo wake kamili. Twajua jamaa waliouza mabati ya nyumba. Hatuwasifu wala hatuwalaumu. Twasema tu: kabla ya kuuza bati, somea tangazo la chuo mwenyewe, neno kwa neno, maana ada, vitivo na siku hubadilika kila mwaka. Lipa benki au mahali palipoandikwa katika tangazo, uchukue risiti. Mtu anayekuambia barabarani, « Nipe mimi, namjua fulani ndani », mpishe.

Kwa nini chuo kidogo

Wapo vijana wanaoona haya kuomba nafasi Likasi. Wasema: Lubumbashi ndiko chuo kikuu, hapa ni tawi. Ni kweli, chuo kikuu cha Likasi kilianza kama tawi la Lubumbashi, sawa na vile vya Kolwezi na Kalemie, kisha kikasimama chenyewe. Ni kidogo. Vitabu ni vichache, vyumba havitoshi, na walimu wengine hutoka Lubumbashi, mwendo wa kilomita 120 hivi, wakafundisha siku kadhaa mfululizo kisha wakarudi. Hatutaficha hayo.

Lakini pimeni upande wa pili. Mtoto anayelala kwao hahitaji kupanga chumba katika mji wa kigeni. Anakula ugali wa mama yake. Msichana haondoki chini ya macho ya jamaa akiwa na miaka 18. Na yule baba ambaye hawezi kulipa vitu viwili, ada na chumba, huweza kulipa kimoja. Kwa watu kama hao, kuchagua kati ya chuo kidogo na chuo kikubwa ni maneno matupu. Wao huchagua kati ya chuo kidogo na kukaa bure. Ndiyo maana matawi hayo yalizaliwa: mlango uliokuwa Kinshasa ulisogezwa Lubumbashi, na ule wa Lubumbashi ukasogezwa hata kwetu. Tena tumekwisha kusema jinsi Lovanium ilivyoanza.

Wanaoingia sasa wanakuta pia utaratibu mpya. Tangu mwaka wa masomo 2021-2022 nchi imeanza kuacha mpango wa kale wa miaka mitatu ya « graduat » na miwili ya « licence », ikafuata mpango wa digrii tatu kama nchi nyingine nyingi: ya kwanza kwa miaka mitatu, ya pili kwa miwili, halafu udaktari. Mzazi aliyesoma zamani asishangae mtoto akitaja majina asiyoyajua.

Barua yenyewe

Baki moja katika bahasha ni barua kwa Mkuu wa chuo. Huandikwa kwa Kifaransa, na watoto wetu, ambao nyumbani husema Kiswahili, huiogopa. Wengine hununua barua sokoni, yenye maneno makubwa wasiyoyajua. Sisi huwaambia: sema mambo manne tu. Wewe ni nani. Ulimaliza shule gani, mwaka gani, kwa alama ngapi. Wataka kusoma nini. Umefunga karatasi zipi. Kisha heshima, tarehe, sahihi. Barua fupi iliyo kweli husomwa. Ndefu iliyonunuliwa hufanana na nyingine mia.

Turudi kwa binti yetu. Tulikwenda naye ofisi ya parokia, tukafungua kitabu cha ubatizo. Karatasi zake ni za manjano, na pembe moja imeliwa na mchwa, lakini wino umesimama. Pale palikuwa jina lake, jina la baba, jina la mama, na jina la babu kwa herufi « Tshi », kwa mkono wa padre aliyekwisha kufa. Cheti cha ubatizo si cheti cha Serikali, hilo tulimwambia wazi. Lakini ni shahidi. Kwa shahidi huyo na watu wazima wawili wa jamaa, mwandikishaji alikubali kumpa karatasi ya kuthibitisha kwamba majina yale mawili ni ya mtu mmoja. Ilichukua siku saba. Ikabaki siku ya nane ya kupiga fotokopi, na siku ya tisa baba yake mwenyewe akampakia nyuma ya baisikeli, juu ya magunia matupu ya makaa, wakaenda kupeleka bahasha.

Alipokelewa. Amemaliza mwaka wa kwanza, na somo moja amelibeba kwenda la pili, kama wengi. Mdogo wake sasa yuko darasa la mwisho la sekondari, naye tumemwita mapema aje na karatasi zake tuzilinganishe herufi kwa herufi.

Nasi twawaomba wazazi wa parokia zote wafanye vivyo hivyo. Msingoje siku ya unga. Mtoto akizaliwa, mwandikisheni komini kabla siku za sheria hazijapita. Akiingia darasa la kwanza, tazameni mwalimu ameandika nini. Akifika darasa la tano la sekondari, tandazeni karatasi zake zote mezani, mzisome kwa sauti. Karatasi za asili zifungeni katika nailoni, mbali na mvua na panya, na ofisini pelekeni fotokopi zenye muhuri. Babu zetu hawakuwa na mahali pa kupeleka barua. Sisi tunapo, umbali wa mwendo wa baisikeli.